Kukosoa si Kuumbua: Nasaha kwa Anayesikiliza Kazi Isiyokamilika

Kiswahili kina kiambishi kidogo chenye kazi kubwa. Tukikitia katika kitenzi funga, twapata fungua. Katika ziba, twapata zibua. Katika panga, twapata pangua. Na katika choma, kwa maana ya kudunga, twapata chomoa. Wanaisimu huiita kauli ya kutendua, kwa kuwa tendo la kwanza hurudishwa nyuma. Sasa mwanafunzi na alitazame neno kosa. Akilitia kiambishi hicho, irabu ikifuata irabu ya mzizi kama ilivyo katika chomoa, atapata kosoa. Kwa mujibu wa umbo lake, basi, neno hili halina maana ya kutangaza kosa wala ya kumhesabia mtu makosa. Maana yake ni kulitengua kosa lenyewe. Anayekosoa ni sawa na anayechomoa mwiba: kazi yake haijatimia mpaka mwiba umetoka.

Lakini kiambishi hicho hicho kina matumizi mengine ambayo yafaa tuyaogope. Kitenzi umba kikitiwa kauli ya kutendua huwa umbua. Kuumba ni kukileta kitu katika kuwapo na kukipa sura. Kuumbua ni kuiharibu sura hiyo, na aghalabu ni kumfedhehesha mwenyewe mbele ya watu. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno haya mawili yanavyokaribiana kwa umbo na kuachana kwa maana. Moja latengua kosa, la pili latengua kiumbe. Hoja yangu leo ni kwamba wengi wetu, walimu tukiwa wa kwanza, hudhani tunafanya la kwanza ilhali tunafanya la pili, na kwamba madhara yake huwa makubwa zaidi kazi inapoletwa kwetu ikiwa bado haijakamilika.

Nimeichagua mifano yangu katika muziki unaotungwa kwa kompyuta. Zamani mtungaji wa taarabu alikuwa na kikundi. Aliileta kazi yake mazoezini ikiwa nusu, mpiga fidla akamwonyesha palipokwama, mpiga dumbaki akamwambia mwendo wataka kupunguzwa, na mwimbaji akalalamika kuwa mshororo haumtoshi pumzi. Marekebisho yalitoka kwa watu walioketi naye mkeka mmoja. Kijana wa leo hukaa peke yake chumbani. Ngoma ni yeye, kinanda ni yeye, fundi mitambo ni yeye. Akihitaji sikio la pili huutuma wimbo kwa simu, na kwa dakika chache wimbo ambao haujaiva umeshawafikia watu 30. Hao 30 wameukalia mkeka wa kikundi bila kufundishwa adabu ya mazoezi.

Mwaka uliopita nilipokuwa Jomvu Kuu wakati wa likizo, kijana mmoja wa jirani, umri wake miaka 20 hivi, alinijia na kompyuta yake ndogo. Baada ya kuamkiana akaniambia: "Ami, nambia kweli. Huu wimbo wangu ni mzuri au si mzuri?"

Msomaji asiyeijua Jomvu Kuu na ajue kwamba ni mji mkongwe wa Waswahili ulio bara, upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, karibu na hori ya Tudor yenye mikoko. Wenyewe, Wajomvu, ni mojawapo ya mataifa yanayounda Tisa Taifa katika ile Miji Kumi na Miwili ya Mombasa, na lafudhi yao, Kijomvu, ni tawi la Kimvita. Leo barabara kuu ya kwenda Nairobi yapita jirani, malori ya makontena yakinguruma mchana na usiku. Kijana huyu alikuwa amezitia sauti hizo zote katika kazi yake: mwendo wa chakacha aliounda kwa programu, besi nzito ya kielektroniki, na juu yake sauti ya nyanya yake aliyemrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake, akisimulia jinsi wanawake walivyokuwa wakienda mikokoni kutafuta kaa.

Kabla yangu alikuwa ameshawatumia wengine. Akanionyesha majibu. Wa kwanza aliandika, "Moto sana!" Wa pili, "Kali hiyo, endelea." Wa tatu, "Hii si chakacha, ni kelele." Wa nne hakuandika neno, alituma kicheko. Kijana alikuwa amekata shauri kuufuta wimbo, na kuifuta pamoja nao ile rekodi ya nyanya ili apate nafasi katika simu yake. Hakuwa na nakala nyingine.

Tuyapime majibu hayo. Sifa tupu haimwambii mtungaji kitu. Haimwonyeshi ni sehemu gani iliyompendeza msikilizaji, kwa hiyo hajui cha kukihifadhi. Tena wahenga walishatuonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lile la "si chakacha, ni kelele" nalo lina kasoro tofauti: linaihukumu kazi kwa kipimo ambacho mwenyewe hakukiweka. Kijana hakudai kuwa ametunga chakacha ya arusini. Alichukua mwendo wake akautia katika chombo kingine.

Mfano mzuri wa hatari ya kipimo kigeni ni singeli ya Dar es Salaam. Watayarishaji wake wa awali walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha, wakavirudiarudia mpaka mwendo ukapita mapigo 200 kwa dakika. Lau vijana hao wangalimsikiliza kila mzee aliyewaambia kuwa taarabu haichezwi kwa kasi hiyo, wangaliacha. Mzee huyo angalisema kweli kuhusu taarabu, na maneno yake yasingalikuwa na faida yoyote kwa singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Dar ukasikika Ulaya. Swali la kwanza la mkosoaji, kwa hiyo, lisiwe "Je, yafanana na niyajuayo?" Liwe "Je, yataka kuwa nini?"

Hilo ndilo nililomuuliza kijana. Sikulijibu swali lake la uzuri. Nilimuuliza matatu: kazi imefika wapi, anataka imfikishe msikilizaji wapi, na ni jambo gani hasa linalomtatiza? Akajibu kuwa imefika nusu. Kwamba anataka vijana wacheze na papo hapo wamsikie nyanya. Na kwamba anahisi sauti ya nyanya inazama lakini hajui kwa nini. Angalia, msomaji, jinsi maswali matatu yalivyoligeuza shauri. Neno "mzuri" lilikuwa limetufunga sote wawili. Baada ya majibu yake tulikuwa na kazi ya kufanya.

Mafundi wa vyombo vya bahari wanaijua hekima hii. Fundi anapoulaza mkuku, hakuna anayemlaumu kuwa jahazi halina rangi. Anaposimamisha mataruma, hakuna anayemwambia kuwa maji yataingia, kwa sababu bado hajakalafati. Lakini mkuku ukiwa umepinda, mwenzake anayenyamaza mpaka siku ya kushua amemfanyia uadui. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vimeundwa kwa hatua. Kila hatua ina makosa yake yanayopaswa kutajwa, na mengine yanayopaswa kungoja. Katika wimbo, mkuku ni wazo lenyewe: mwendo wa ngoma na sauti ya mzee. Mataruma ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kifuate, wapi panyamaze. Rangi ni ule usafi wa mwisho na ukubwa wa sauti. Anayeanza na rangi katika kazi ya nusu humfanya mtungaji apake rangi mbao ambazo kesho huenda zikang'olewa.

Nikasikiliza mara mbili bila kusema neno. Mara ya kwanza nilisikiliza kama mpita njia. Mara ya pili nilishika kalamu, nikaandika dakika na sekunde ya kila mahali palipoliamsha sikio langu, kwa wema au kwa ubaya. Mwalimu anayesahihisha insha huweka alama pembeni ya mstari. Msikilizaji hana pembe ya ukurasa, bali ana saa. Kusema "kuna mahali pamenichosha" ni kumwachia mtungaji afukue wimbo mzima. Kusema "kuanzia dakika 1 na sekunde 10 hadi dakika 1 na sekunde 50 hakuna jipya lililoingia, na hapo mawazo yangu yalitoka" ni kumwonyesha mwiba ulipo.

La kwanza nililomwambia ni kuwa mwendo wa ngoma wa dakika ya kwanza umesimama imara, hasa pale chapuo inapochelewa kidogo nyuma ya pigo kama mkono wa binadamu, na kwamba asiuguse. Sikusema hivyo ili kumpaka mafuta. Mtungaji asiyejua kilicho kizima katika kazi yake anaweza kukivunja alipokuwa akitengeneza kilicho kibovu.

La pili lilikuwa lile la kuzama kwa sauti. Sikio letu lina tabia yake: sauti mbili zikiwa katika eneo moja la mitetemo, yenye nguvu huifunika dhaifu. Besi yake ilikuwa nene mno, ikapanda hadi eneo la chini la sauti ya nyanya. Sikumwamuru apunguze besi. Nilimweleza nilichosikia na sababu yake, nikamwachia dawa achague mwenyewe: aipunguze, aiondoe katika eneo hilo tu, au ainyamazishe kabisa nyanya anapoanza kusema. Kazi ni yake. Mkosoaji anayetoa dawa moja na kuishikilia amekwisha kuanza kutunga wimbo wake mwenyewe ndani ya wimbo wa mtu.

Nilimwambia pia nilikosikilizia, na kila mkosoaji wa muziki apaswa kufanya hivyo. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson wa Marekani walipochapisha vipimo vyao, yajulikana kuwa sikio halisikii mitetemo yote kwa usawa, na kwamba sauti za chini hufifia zaidi tunapopunguza ukubwa wa sauti. Tena spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa besi nzito. Anayelaumu kuwa wimbo hauna besi, naye ameusikiliza kwa simu iliyo mezani, huenda anailaumu simu. Wimbo huo huo ndani ya matatu yenye spika kubwa ungemtikisa kifua.

La tatu lilihusu fani yangu. Katika Kimvita, kaa la moto na kaa wa mikokoni si neno moja. Jina la yule mnyama hutamkwa kwa mpumuo, pumzi ndogo inayotoka baada ya k. Lile la moto halina pumzi hiyo. Vivyo hivyo paa wa mwituni ana mpumuo, na paa la nyumba halina. Tahajia yetu ya shuleni haionyeshi tofauti hii, na watoto wengi waliolelewa kwa Kiswahili cha vitabuni hawaitamki. Nyanya aliitamka, alikuwa mzungumzaji wa Kijomvu cha kale. Lakini katika wimbo mpumuo haukuwapo. Kijana aliirekodi sauti barazani penye upepo, kisha akatumia programu ya kuondoa mvumo. Sasa mpumuo, kifonetiki, ni mvumo wa pumzi, na hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Programu haina nyanya na haina Jomvu. Iliuona ni upepo, ikaufagia.

Nikamwambia: "Nyanya yako aliwapeleka wasikilizaji mikokoni. Wimbo wako umewarudisha jikoni penye makaa." Akacheka, akaifungua rekodi ya asili, akasikiliza mara tatu. "Kumbe ni programu ilomla kaa, ami!"

Wanafunzi wa fonetiki wanalijua jambo hili kwa mfano mwingine. Simu za zamani za waya zilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, ilhali nguvu kubwa ya sauti s iko juu ya hapo. Ndiyo maana tulilazimika kusema "S ya Salimu, F ya Fatuma" tukitaja jina kwa simu. Kila chombo cha kupitishia sauti huchagua cha kubakisha na cha kutupa. Mtungaji anayetumia chombo hicho hana budi kuwa na mtu wa kumwambia kilichotupwa, maana yeye mwenyewe, aliyeusikia wimbo mara mia, husikia kwa kumbukumbu badala ya sikio.

Hapo ndipo uzito wa shauri hili ulipo. Kijomvu kimeandikwa kidogo sana, na wanaokitamka kama nyanya huyo wanazidi kupungua. Rekodi ile ya barazani, pamoja na upepo wake, ni hazina kwa mwanaisimu kama ilivyo hazina kwa mjukuu. Ilinusurika kufutwa kwa sababu ya maneno mawili matatu na kicheko kimoja, vilivyotumwa na watu ambao, nina hakika, hawakukusudia ubaya wowote. Kijana aliniahidi kuhifadhi nakala mbili kabla ya kuugusa wimbo tena, na jioni ile ile akafanya hivyo mbele yangu.

Walimu wenzangu, haya si ya muziki peke yake. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu maoni wanayopewa watu juu ya kazi zao. Kwa wastani maoni yalisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo yaliyopimwa, yaliishusha kazi badala ya kuiinua. Maelezo yao ni kwamba maoni hudhuru zaidi yanapoigeuza fikra ya mtu kutoka kwenye kazi na kuielekeza kwenye nafsi yake. Miaka minane kabla, Ruth Butler alionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maelezo bila alama waliendelea vyema na kubaki na hamu, ilhali waliopewa maelezo pamoja na alama hawakufaidika hivyo. Alama ilikuwa imeyameza maelezo. Swali la "ni mzuri au si mzuri" ni ombi la alama. Tukilijibu upesi, mengine yote tutakayoyasema hayatasikika.

Najua kuna atakayenipinga. Atasema sisi tulilelewa na walimu wakali, na kwamba malenga wa Mvita hawakubembelezana. Ni kweli Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliwarushia mahasimu wake beti kali, nao wakamjibu. Lakini malumbano yale yalihusu tungo zilizokwisha kutoka hadharani, kati ya watu wazima waliokwisha kujifunga viuno. Hakuna malumbano juu ya shairi ambalo vina vyake bado vinatafutwa. Tena, kukosoa kwa kujenga si kubembeleza. Kumwambia kijana kuwa amepoteza neno la nyanya yake lilikuwa jambo zito kuliko kumwambia kuwa wimbo wake ni kelele. Tofauti ni kwamba lile zito lilimpa kazi ya kufanya kesho yake, na lile jepesi lilimpa sababu ya kufuta.

Mwenye kazi naye ana wajibu. Asitume kwa watu 30. Achague watatu, na miongoni mwao awepo asiyeujua muziki huo. Atangulize maelezo: hapa ni nusu, nataka maoni juu ya hili. Akiambiwa, aandike badala ya kujitetea, alale, kisha achague. Wawili wakitaja mahali pamoja, hata kama wanatofautiana juu ya dawa, hapo pana ugonjwa.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, umezileta kazi za miradi madarasani, na katika sekondari ya juu sanaa sasa ina njia yake pamoja na michezo. Maana yake ni kwamba mwalimu wa leo ataletewa kazi nyingi za nusu kuliko mwalimu wetu alivyoletewa: rasimu za michezo ya kuigiza, michoro, na nyimbo zilizotungwa kwa simu. Shime basi, walimu wenzangu. Kabla ya kuishika kalamu nyekundu, tumuulize mwanafunzi kazi yake imefika wapi na inataka kwenda wapi. Tumtajie kilicho kizima kwa jina lake. Tumwonyeshe kosa mahali lilipo. Na tumwachie dawa aichague yeye. Nanyi wanafunzi, rafiki anapowaletea wimbo wake wa nusu usiku wa manane, msimpe moto wala kicheko. Msikilizeni mara mbili, kisha mwambieni dakika na sekunde.